Siku kandili ilipozimika shimoni

Ilikuwa 2021, ile habari ya Panga ya Saidi huko Kilifi ndo imetoka, yule mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa pangoni miaka 78,000 hivi iliyopita, basi huku Malindi kila mwenye shimo shambani akawa anaulizwa. Binamu yangu anasoma jiolojia, akatoka Nairobi na kamba zake na helmeti, anataka shimo la mzee mmoja upande wa Mida, sisi twamwita Babu. Si pango la kuingia kwa miguu lile, ni tundu limezama wima ndani ya jiwe la matumbawe, mdomo umezungushiwa miba na hashuki mtu bila yeye. Watu husema anaficha mizimu.

Babu hakutukataza. Alituvulisha viatu tu, akawasha koroboi, akaifunga uzi akaishusha polepole. Haikufika mbali ikazimika.

"Babu, huo ni upepo," binamu akasema.

"Upepo wa wapi mwanangu, na majani hayatikisiki?"

Lakini hakubishana, akaenda nyumbani akaleta kandili, ile yenye chimni, akashusha tena, na sisi tumelala kifudifudi twachungulia mwanga unavyoteremka kwenye kuta zilotobokatoboka, nami natamani ufike chini. Ukafifia, ukawa mwekundu, ukazimika.

Binamu kimya. Na njiani ni yeye alotueleza kwamba mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka udongoni ndo maana hulila jiwe la chokaa mpaka likatoboka, na hewa hiyohiyo ni nzito, hutuama chini, taa ikiingia humo huzimika na mtu hukosa pumzi. Babu hajasoma shule, ujanani alichimba visima, na kwao hashuki mtu mpaka taa itangulie irudi inawaka. Kwangu huo ni utaalamu kamili, na wanaosema wazee hufunga mashimo kwa ushirikina tu natamani wangekuwepo.

Kamba hazikufunguliwa. Tukafunga jiwe kwenye uzi tukashusha mpaka likagota, pima nane na kitu, mwisho wake umelowa. Binamu akauonja. Chumvi.

"Saa hizi bahari imejaa," Babu akasema. "Ngojeni ipwe mpime tena."

Tukangoja chini ya mkorosho, akatuletea mihogo, tukapima tena jioni na kweli sehemu ilolowa ilikuwa imepungua karibu mkono mzima, binamu akaandika zote mbili daftarini, na saa zake.