Wiki Nne Tangastraße

Achari ya mama imevuja. Upande mzima wa begi unanuka embe bichi, bizari na kitunguu saumu, na wiki ya tatu sasa jaketi langu jeusi linanitangaza kwenye treni kabla sijakaa. Sijalifua. Nikirudi kazini nalitundika nyuma ya mlango, basi.

Nimerejea Berlin mwishoni mwa Oktoba baada ya wiki nne Tanga. Mwaka wa tisa huu nipo hapa, na hii ni mara ya nne kwenda na kurudi. Mara ya kwanza nililia tangu uwanja wa ndege, nikakaa kwenye ngazi za jengo na begi langu mpaka jirani akadhani nimepoteza funguo. Safari hii wapi! Miguu ilijua njia yenyewe: treni ya kuingia mjini, kisha treni ya chini ya ardhi, U6 ya kuelekea Alt-Tegel, nikashuka kituo cha Rehberge, nikafungua mlango bila hata kuwasha taa ya korido. Sanduku la barua limejaa mpaka mdomoni: bima, umeme, mwenye nyumba. Nikazipanga mezani, nikachemsha chai ya rangi, nikalala. Asubuhi yake nikakusanya chupa tupu nilizoziacha jikoni, nikazirudisha dukani, senti 25 kila moja ya plastiki, kana kwamba nilitoka jana jioni tu.

Kilichoniuma ni kule kutoumwa.

Nikampigia mama kumwambia nimefika salama. Miaka yote huuliza, "Umeshafika huko?" Safari hii akasema, "Umeshafika nyumbani?" Hakusita, na sidhani kama alijisikia. Mimi nilijibu ndiyo, mama, nimefika, halafu nikakaa kitambo na simu mkononi.

Kazini kwangu ni chekechea, hapahapa Wedding, sehemu ya Berlin ninakokaa. Jumatatu watoto walinizunguka, mmoja wa miaka minne akashika mkono wangu akaugeuza kuangalia hina niliyopakwa kwenye harusi ya binamu yangu. Akataka kujua nilikuwa wapi siku zote hizo.

"Nilikuwa Tanga, kwa mama yangu."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mwongo. "Wiki nne zote? Bibi yangu anakaa Tangastraße. Mbona hatujakuona?"

Nilicheka mpaka mwenzangu akaja kuuliza kulikoni. Lakini mtoto ana haki yake. Kwenye kitongoji hiki wanachokiita Mtaa wa Afrika, Tanga ni kamtaa ka makazi, magari yameegeshwa, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo. Kuna Sansibarstraße, kuna Usambarastraße, kuna Ugandastraße. Majina yalibandikwa na watu waliojivunia makoloni yao, na mengine yalibandikwa hata baada ya makoloni yenyewe kuwatoka mikononi. Njia mojawapo iliitwa Petersallee, na Peters aliyekusudiwa mwanzoni ni yuleyule Carl Peters wa mikataba ya hila kule Usagara mwaka 1884. Mwaka 2024 wakaigawa: kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda, mpigania uhuru wa Namibia, kingine sasa ni Maji-Maji-Allee. Siku ya kwanza kukiona kibao nilikisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jirani yangu mzee anatamka "Mayi-Mayi". Kila mara namrekebisha, kila mara anashukuru, kesho yake anarudia.

Kuhusu chakula sina mengi. Nimenunua muhogo kwenye duka la Waafrika pale Müllerstraße, umetoka Costa Rica, umepakwa nta unang'aa kama kiatu. Tui ni la kopo. Mama akilisikia neno kopo hunyamaza kidogo, kama aliyepewa taarifa ya msiba.

Ila jambo la saa ndilo lililotugombanisha. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku wanarudisha saa nyuma: saa tisa usiku inageuka saa nane. Kiangazi chote tofauti yetu na Tanga ni saa moja. Kuanzia usiku ule ni saa mbili. Nilipomweleza mama alikuja juu.

"Saa inarudishwaje? Na jua nalo limekubali?"

Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba nimezidi kuwa mbali naye kwa saa nzima bila kuinuka kitandani, na kwamba sasa kunaanza kipindi ninachokichukia kuliko vyote, giza kuingia watoto wakiwa hawajachukuliwa na wazazi wao. Mwaka wa kwanza nilidhani ni wingu zito la mvua. Nilisubiri lipite.

Jumanne iliyopita nilikuwa na zamu fupi. Nimesimama dirishani, saa kumi na robo, taa za barabarani zinawaka moja baada ya nyingine na majani ya manjano yamelowa yameganda kwenye vioo vya magari. Nikampigia mama tu, sina shida. Tukaongea habari za paa, la jiko la nje, fundi amechukua hela hajarudi. Katikati ya maneno nikasikia adhana, ule msikiti wa nyuma ya nyumba, spika yake ile inayokwaruza.

"Maghribi hiyo, mwanangu, acha nikaswali. Huko saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

"Ndio kwanza alasiri."

"Hapana, mama. Hata huku jua limezama. Sasa hivi."

Akanyamaza. Nilisikia ndala zake zikiburuta kwenye sakafu, na maji yakimiminwa kutoka kwenye birika.

"Sasa unangoja nini? Katawadhe." Akakata simu.

Mswala wangu ulikuwa bado ndani ya begi. Nao unanuka achari.