Siku 84 za likizo, miezi 6 ya kunyonya

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua pacha. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Pengo la miezi 3 hivi linazibwa kwa kukamua.

Usilipanue pengo hilo bila sababu. Siku 84 zinahesabiwa mfululizo, Jumapili zimo. Ukianza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, ukajifungua siku yenyewe, unabakiwa na 56 tu. Kama mimba haina shida, chelewa kuanza. Barua na cheti cha daktari vimfikie mwajiri miezi 3 kabla ya kujifungua.

Ukirudi kazini, sheria hiyohiyo inakupa hadi saa 2 za kumnyonyesha kila siku. Wengi hawaziombi. Anayeishi mbali akubaliane na mwajiri, kwa maandishi, azitumie kukamua au atoke mapema.

Anza kujifunza kukamua wiki 2 kabla ya kurudi. Nawa mikono, kanda titi kwa kitambaa cha uvuguvugu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pembezoni mwa duara jeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Usiburuze vidole, ngozi itachubuka, na usivute chuchu, maana maziwa hayako huko. Titi lote huchukua dakika 10 hadi 15. Kazini, kamua kila baada ya saa 3. Ukiacha titi lijae kutwa nzima, mwili unapunguza kutengeneza, na baada ya wiki utasema maziwa yamekauka. Usiku mnyonyeshe kama kawaida.

Hifadhi mililita 60 hadi 120 kwa kila chombo, uandike tarehe. Mezani maziwa hukaa saa 4 ikiwa joto halizidi nyuzi 25. Mchana wa Dar es Salaam usiutegemee muda huo, beba kiboksi chenye barafu. Kwenye friji siku 4, ndani kabisa, si mlangoni ambako joto linapandashuka. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, zungusha chombo taratibu.

Kupasha: bakuli la maji ya moto, basi. Maikrowevu huacha sehemu zinazounguza mdomo.

Mwelekeze dada anayebaki nyumbani kutumia kikombe kidogo, kwani chupa ni ngumu kusafisha. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, anywe mwenyewe kwa kulamba. Akimiminiwa atapaliwa. Yanayobaki kikombeni yamwagwe baada ya saa 2, hata kama roho inauma.