Mashine inayofyonza kinywa: inamfaa nani, inamshinda nani

Fanya hivi kwanza. Meza mate, funga midomo, kisha fyonza kama unayemalizia juisi ya pakiti, mpaka mashavu yaingie ndani na ulimi unate juu kwenye kaakaa. Usiachie. Sasa vuta pumzi puani. Hewa inapita vizuri tu, ingawa kinywa chote kimebanwa. Hapo umeshaielewa tiba yenyewe ya kukatika pumzi usingizini. Mashine inachofanya ni kukushikilia katika hali hiyo usiku kucha wakati wewe umelala.

Mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, misuli ya koo ikilegea, kaakaa laini pamoja na kimio chake huangukia nyuma, na mara nyingi ulimi hufuata. Njia inaziba, pumzi inasimama kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, halafu mchezo unaanza upya. Madaktari huhesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua: kuanzia 5 ni hali nyepesi, 15 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali.

Tiba iliyozoeleka ni mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981. Hiyo hutumia shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji kulitanua koo kutoka ndani. Hii ya kinywani inakwenda kinyume: haisukumi, inavuta. Winx, iliyotengenezwa na ApniCure ya California na kuruhusiwa Marekani mwaka 2012, ilikuwa na pampu ya kuweka kando ya kitanda. iNAP ya kampuni ya Somnics, Taiwan, ina pampu ndogo ya betri. Mvuto wake ni milimita 40 hivi za zebaki, yaani takriban sentimita 54 za maji. Namba hiyo isikutishe ukiilinganisha na ya barakoa. Mvuto huu haufiki mapafuni wala kooni. Unaishia ndani ya kinywa kilichofungwa, na kazi yake ni kulivuta kaakaa laini mbele lilale juu ya ulimi.

Vifaa ni vichache: pampu, mrija mwembamba, kipande laini cha kuvaa mdomoni, na mahali pa kukusanyia mate yanayovutwa, iwe kichupa au sponji. Kabla ya kulala safisha pua kwa maji ya chumvi ikiwa ina makamasi, piga mswaki, toa meno ya bandia kama daktari hakukuelekeza vingine. Vaa kipande, funga midomo bila kung'ata kwa nguvu, meza mate, pandisha ulimi, ndipo uwashe. Pampu itafanya kazi kwa muda mfupi kisha itulie. Huko kutulia ndiko unakotafuta. Asubuhi zima pampu kwanza, ngoja mvuto uachie, ndipo ukivue. Ukikichomoa mvuto ukiwa bado upo utajiumiza fizi. Mwaga mate, osha kipande kwa sabuni laini na maji ya baridi au vuguvugu, anika kivulini. Usikichemshe, kitapinda.

Pampu isiyotulia maana yake hewa inavuja, na kuna mahali pawili pa kutafuta. Pa kwanza ni midomo: saizi ya kipande siyo, au umelala kwa ubavu na shavu limesukumwa na mto. Amka na kinywa kikavu kama karatasi, jibu ni hilo. Pa pili ni nyuma, pale kaakaa laini na ulimi vinapokutana. Huko hewa ya puani inanyonywa kuingia kinywani na utasikia kama maji yanachemka. Kumeza mate tena na kuupandisha ulimi hutosha mara nyingi. Wale waliokatwa kimio utotoni, jambo ambalo kwetu si geni, wamweleze daktari aangalie kaakaa lao kabla ya kununua chochote, maana mfuniko wenyewe wa tiba hii uko hapo.

Pua iliyoziba inafuta kila kitu. Kinywa kimefungwa, hewa ikose pua ipite wapi? Mwenye mzio wa vumbi, nyama za puani au mfupa wa pua uliopinda atibiwe hilo kwanza, na usiku wa mafua makali kipande kikae kwenye kikopo chake. Meno yanayolegea na fizi zinazovuja damu nazo ni sababu ya kusubiri.

Ila kinachoishinda tiba hii zaidi ni mahali koo linapofungia. Kaakaa likiwa ndilo mkosaji, matokeo huweza kuwa mazuri sana. Njia ikizibia chini zaidi, kwenye shina la ulimi, kuta za pembeni au kidakatonge (kile kifuniko cha njia ya hewa wakati wa kumeza), kulivuta kaakaa hakutoshi. Na kama ubongo wenyewe ndio unaosahau kutoa amri ya kupumua, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Katika utafiti wa vituo kadhaa uliochapishwa mwaka 2013, kwa watu 63, namba ya katikati ya kukatika au kupungua kwa pumzi ilishuka kutoka 27.5 kwa saa hadi 13.4. Ni nusu, sawa, lakini 13.4 bado ni ugonjwa. Ndani ya namba hiyo wamo waliopona karibu kabisa na wamo ambao hawakusogea.

Ndiyo maana hatupendi kusikia "siku hizi hakoromi, amepona". Midomo imefungwa na kaakaa limeshikwa, kwa hiyo kelele lazima ipungue hata kama shina la ulimi bado linaziba njia. Mwenzio kitandani anapata usingizi. Wewe oksijeni inaendelea kushuka kimyakimya. Kipimo cha usingizi kirudiwe ukiwa umevaa mashine, na barakoa yako kama unayo usiigawe kabla ya majibu. Siku hiyo nenda na kipande unachotumia nyumbani, usinywe pombe jioni yake, na hakikisha sehemu ya usiku unalala chali, kwa sababu wengi koo huzibia chali, na kipimo cha ubavu mtupu kitakusifia mashine isiyostahili.