Kupunguza gari Nairobi: tuanze na safari fupi

Watanzania wengi tukihamia Nairobi tunanunua gari kabla hata ya kuzielewa matatu. Sababu zipo, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapofunga barabara. Ila gari likishazoeleka, linawashwa hata kwenda kununua maziwa.

Kwa kila kilomita, safari fupi ndizo chafu kuliko zote. Injini ya baridi hula mafuta zaidi, na kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi vizuri mpaka kipate moto. Kazini pakiwa kilomita 4 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi kwa siku 22 ni kilomita 176. Gari linalotembea kilomita 8 kwa lita kwenye foleni litamaliza lita 22, na kila lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Ni kama kilo 50 kwa mwezi, kwa umbali wa dakika 50 kwa miguu. Njia za waenda kwa miguu zimekatika sehemu nyingi, na kaunti lazima iulizwe. Lakini hizo lita 22 tunazichoma sisi, si kaunti.

Kwa aliyezoea daladala, ugumu wa matatu ni nauli. Hupanda asubuhi, hupanda jioni, na mvua ikianza hupanda papo hapo, kwa hiyo muulize makanga (konda) kabla ya kukanyaga ngazi. Shika namba za njia: 46 Kawangware, 111 Ngong, 125 Rongai, 58 Buruburu, 237 Thika. Mchana, gari likiwa mwanzo wa njia, haling'oki mpaka lijae. Pita lile tupu hata kama muziki wake unavutia, panda lililobakiza viti viwili.

Walio upande wa Syokimau, Imara Daima na Makadara wana treni ya abiria. Haikwami kwenye foleni ya Mombasa Road, ila safari zake ni chache, asubuhi na jioni. Ukiikosa, ni matatu tu.

Baiskeli inafaa kuliko watu wanavyodhani, ingawa mtu wa Dar atahema wiki za mwanzo: jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Embakasi ni tambarare. Kileleshwa na Westlands kuna mabonde, kwa hiyo chagua yenye gia nyepesi kweli. Tairi la milimita 35 hadi 40 linavumilia mashimo. Hatari kubwa ni stejini, yaani kituoni: matatu hukata kushoto ghafla kushusha abiria, basi usijipenyeze kamwe kati yake na ukingo wa barabara. Punguza mwendo, tazama nyuma, ndipo upite kulia.

Shule ndiyo inayowashinda wengi. Familia tatu za mtaa mmoja zinaweza kupokezana gari moja, kila mtoto na mkanda wake. Mpango huu huvunjwa na wanaochelewa na ugomvi wa pesa. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba gari linasubiri dakika 3, na mchango wa mafuta upigwe upya kila tarehe 15, bei mpya za mafuta za EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, zinapoanza.