Siku moja maishani mwangu: karani mchana, mpiga picha za gari ya abiria muda uliobaki

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamka, naswali, chai ya rangi na mkate uliobaki jana, basi. Kabla hata sijavaa naangalia betri ya kamera kwanza maana umeme ukikatika usiku ndo imekula kwangu. Mama ananiangalia navyofuta lenzi na kanga yake anasema "hivyo hizo gari hazijaisha tu kupigwa picha?" Simjibu, nshazoea. Kwake yeye picha ni ya harusi, ya pasipoti, au ya mtoto akihitimu madrasa. Mtu kuipiga picha 502, gari ya abiria ya njia ya Bububu, haimuingii kabisa.

Mie ni karani wa hesabu kwenye ofisi moja ndogo Mji Mkongwe, Zanzibar, nakaa Bububu, na ninachopenda ni gari za abiria. Na boti. Na treni pia, ila treni hatuna, nitafika huko.

Saa 12 na nusu

Barabara ya Bububu asubuhi ni raha tupu. Nasimama upande wa shamba, sio wa baharini, jua linakuwa mgongoni kwangu, na gari zinazoenda mjini zinapita upande huo huo wangu, mlango wa Hiace uko kushoto kwa hiyo utingo anayening'inia nampata usoni kabisa na mwanga wake mzuri. Ukisimama upande wa pili unapata kiza na vumbi. Nasema hivi kwa sababu watu huniuliza natumia kamera gani, jamani kamera yangu ni mtumba, imechubuka kila pembe, kazi yote ni kujua jua liko wapi.

Barabara hii hii ndo ilipita treni. Kweli kabisa. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikaanza kubeba watu mwaka 1905, kama kilomita 11 hivi kutoka Ngome Kongwe mpaka huku kwetu. Na kabla ya hiyo Sultan Barghash alikuwa na kareli kake ka kwendea kasri yake ya Chukwani, kwanza vibehewa vilivutwa na nyumbu, baadae akaagiza kichwa cha treni kutoka Uingereza, alipofariki 1888 ikafa na yeye. Kwa hiyo mtu akinambia Mzanzibari na treni wapi na wapi, namwambia sie tulikuwa na reli wakati Dar hawana hata futi moja.

Kuna picha ya zamani ya treni ya Bububu inapita mjini katikati ya nyumba, ukuta huku ukuta huku. Aliyeipiga hakujua kama mtu wa leo ataitizama mpaka macho yaume. Mie hiyo ndo iliyonitia wazimu huu.

Saa 2 mpaka saa 6

Kazi. Risiti, vocha, eksel, bosi anataka ripoti ya mwezi uliopita ambao mwenyewe hajaleta risiti zake. Hapa hapana cha kusimulia.

Saa 6 na nusu mchana

Naswali haraka nakimbilia Forodhani na mfuko wa mihogo na pweza. Watu wengi hawajui wanapokaa kula pale, nyuma yao ng'ambo ya barabara kwenye Ngome ndo kulikuwa na mwisho wa reli. Ila mie huja kwa ajili ya boti. Boti ya kwenda Dar ikitoka bandari ya Malindi inapita hapa mbele, imejaa mawimbi meupe nyuma, na unaipiga ukiwa umekaa bustanini na chakula chako, hakuna wa kukuuliza.

Bandarini kwenyewe sinyanyui kamera. Hilo nilijiwekea mapema. Bandari, uwanja wa ndege upande wa ndani, kambi za vikosi, nyumba za wakubwa, huko kamera inabaki mkobani, hata kama 505, gari ya njia ya uwanja wa ndege, mpya kabisa imesimama getini inang'aa. Bango la marufuku liwepo lisiwepo. Droni ndo usiseme, ile inataka kibali cha mamlaka ya anga na sina mpango nayo.

Kinachonikera sio hayo maeneo, hayo yanaeleweka. Kinachonikera ni pale katikati, stendi, kituo, barabara ya kawaida, ambako hakuna aliyekukataza na hakuna aliyekuruhusu, unajua hukumu pale mtu anapokujia tu. Wenzetu New York mwaka 2004 walitaka kupiga marufuku picha kwenye treni zao za chini ya ardhi kwa sababu za usalama, watu wakapiga kelele, 2005 wakaachana nayo. Sasa kanuni imeandikwa: piga, ila usiweke taa wala stendi ya miguu mitatu. Mstari mmoja unausoma umemaliza. Mie ningepewa mstari kama huo hata ukiwa mkali ningefurahi.

Saa 10 jioni

Nimetoka kazini, huyo stendi ya Kijangwani. Hapa ndo roho yangu ilipo, gari za shamba: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Zile za mbao ndo nazitafuta, chai maharage, lori ambalo seremala kalijengea bodi nyuma, mabenchi ubavuni mnaangaliana, pembeni wazi, turubai limekunjwa juu likisubiri mvua. Juu ya paa kunapanda kila kitu, baskeli, magunia, madumu, godoro, mara moja niliona kabati na kioo chake. Koasta zinazidi kuziondoa na abiria wanazifurahia, na wana haki, hebu wewe kaa kwenye benchi la mbao mpaka Makunduchi halafu uje uniambie. Ila bodi ile ikivunjwa inakuwa kuni, na seremala hana mchoro, kila moja kaijenga kwa kichwa chake. Ndo mana napiga kila upande, mbele, nyuma, ngazi, misumari.

Dereva naanza kumuomba. "Ami, naomba niipige gari yako." Wengi hucheka, "piga, lakini mie nisionekane." Abiria nawasubiri washuke au wageuke, akina mama hasa. Namba za gari naziziba kabla sijamuonesha mtu.

Leo akanijia mlinzi kutoka jengo la ng'ambo ya barabara. Katembea mbali kweli yule kaka.

"Dada, unapiga nini?"

"Gari."

"Gari gani?"

"Hii hapa ya mbao."

"Kwani hujawahi kuona gari? Kibali kiko wapi?"

Nikamuuliza kibali cha nani, akafikiri, akasema cha kupigia picha. Nikamuonesha kioo cha kamera, picha moja moja. Kwenye mbili ukuta wa jengo lake ulionekana nyuma, nikazifuta mbele yake, sibishani na ukuta. Pembeni kulikuwa na vijana watatu wanajirekodi na simu, jengo zima liko kwenye video yao, hakuwatizama hata kidogo. Kamera yenye lenzi ndo jasusi, simu ni mtoto mzuri. Bibi mmoja aliyekaa na kapu lake akisubiri 310 akachoka, "mwanangu muache mtoto wa watu, gari yenyewe kesho kutwa itakufa." Mlinzi akacheka, akaniuliza kama nami naweza kumpiga yeye moja. Nikampiga, kageuzia uso barabara, jengo halimo.

Saa 3 usiku

Nakula, naingiza picha kwenye kompyuta. Kila picha naiandikia njia, tarehe, nilisimama wapi, nani alijenga bodi nikimjua. Hii kazi ni ya kuchosha kuliko kupiga ila bila maandishi picha ya gari ni gari tu. Binamu yangu wa Dar kanitumia video yuko ndani ya treni ya SGR anakwenda Dodoma, ananirusha roho, nikamwambia nipigie behewa kwa nje usinipigie chipsi zako.

Kabla ya kulala utingo wa 324 kaniandikia WhatsApp, kauona mguu wake kwenye picha niliyomtumia dereva. "Sista nitumie na ile nilivyoning'inia. Ila usimtumie bosi, kanikataza." Nimemtumia yeye peke yake.