Rafu ya mtoto wa miaka 12

Kigamboni, Jumamosi usiku

Mtoto wa miaka 12 asiyependa kusoma hana rafu yake katika maduka yetu ya vitabu. Leo nimelishuhudia hilo kwa macho yangu. Upande mmoja kuna vitabu vyembamba vya picha, herufi kubwa, sentensi mbili kila ukurasa. Upande wa pili kuna riwaya za watu wazima na vile vinavyosomwa sekondari: ndoa, siasa, usaliti, herufi ndogo. Hapo katikati, anaposimama kijana wangu wa darasa la sita, vipo vya kutafuta kwa tochi.

Tulivuka na pantoni asubuhi, tukatembea mpaka Samora. Nikamwacha achague, mimi nikawa namtazama. Kwanza anaangalia unene. Halafu anaangalia picha ya jalada. Mtoto wa kwenye jalada akiwa mdogo kuliko yeye, kitabu kinarudi kilikotoka, hata hakifunguliwi. "Mama, hiki cha watoto." Namwelewa. Sauti imeanza kukwaruza, anatumwa dukani na noti ya elfu kumi na chenji inarudi kamili. Ukimpa tena sungura aliyemdanganya fisi, ni kama unamwambia hujaona alivyokua.

Nje, kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini pembeni mwa barabara, vingi ni vya Kiingereza, na nyuma vimeandikwa umri: 9 hadi 12. Mzazi unaona hapa ndipo penyewe. Lakini umri ule umepimiwa mtoto wa Uingereza au Marekani, aliyezungumza Kiingereza tangu anatambaa. Kwa anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisa kinamfaa ila lugha inamshinda. Vile vyembamba vyetu ni kinyume chake: lugha anaiweza, kisa alishakipita. Ndiyo maana siku hizi napima mara mbili, lugha peke yake na kisa peke yake.

Kwa lugha natumia vidole, njia ambayo walimu wengi wanaijua. Mtoto anafungua ukurasa wa katikati, anasoma, anakunja kidole kila akikutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kisubiri. Anajipima mwenyewe, mimi naangalia pembeni, usije ukageuka mtihani mwingine.

Najua wazazi wenzangu wanavyosema: Form One masomo ni kwa Kiingereza, bora aanze sasa. Hofu hiyo hata mimi ninayo. Lakini mtoto ambaye bado hajaonja utamu wa kitabu kwa lugha anayochezea mtaani, ukimkabidhi cha Kiingereza na kamusi umemwongezea kazi tu. Kwanza apende.

Halafu leo hii hii akanionyesha jambo jingine. Anapenda vyombo vya majini kupita kiasi. Kila tukivuka anauliza kwa nini malori hayapangwi yote upande mmoja, na nani anajua pantoni imebeba uzito kiasi gani. Katika lundo la mitumba akaokota jarida kuukuu la meli, la Kiingereza, akachuchumaa palepale juani. Maelezo chini ya kila picha aliyasoma yote, ananiuliza neno, anaendelea. Maneno asiyoyajua yalikuwa mengi kuliko vidole vyake, na hakukunja hata kimoja. Nimelinunua.

Magazeti ya michezo nayo ni kusoma, simnyimi. Matangazo ya kubeti yaliyojaa humo ndiyo yananikera, na nimeshamweleza kubeti ni nini na kwa nini hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18.

Kuhusu kisa, watu wengi wakisikia kitabu kinachofaa umri wanafikiria kitabu kisicho na msiba, wala talaka, wala baba mlevi. Mimi nakataa mambo mawili: ya chumbani, na ukatili unaosimuliwa kana kwamba ni raha. Kifo sikiondoi. Juzi nilikuwa namsomea kwa sauti (bado namsomea, siku akisema basi nitaacha) hadithi ya mvuvi aliyezama akaacha mke na mtoto. Nilidhani ataniuliza kuhusu bahari. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sasa nyumba inakuwa ya nani, ya mama yake au ya baba wakubwa?" Tukaongea mpaka chakula kikapoa: wosia, ndugu wa marehemu, vikao vya ukoo. Mambo hayo yametokea mtaani kwetu, kumbe aliyaona yote, ila hakuwa na pa kuyasemea.

Jumamosi ijayo tunakwenda Maktaba Kuu, pale Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Kwa mtoto mgumu wa kusoma, maktaba ina faida moja kubwa: kitabu kikimchosha anakirudisha, na hakuna anayesikitikia hela. Akiacha kumi akashika kimoja, mimi nimeridhika.

Na ninyi waandishi na wachapishaji wa hapa Dar, nawaomba kwa moyo wote. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umeonyesha kwamba vitabu vizuri vya watoto kwa Kiswahili vinaweza kuandikwa hapa hapa nchini na vikafika shuleni. Wasomaji hao wanakua, wanahitaji ngazi inayofuata. Ninachotafuta ni kitabu cha kurasa 80 hivi, sura fupi fupi, shujaa wa miaka 13 au 14, maana watoto wanapenda kusoma habari za waliowazidi kidogo. Kiwe na Kiswahili tunachozungumza leo, na tatizo la kweli ambalo mtoto analitatua mwenyewe bila mtu mzima kuja kuhubiri mwishoni. Kikiwa cha pantoni au karakana ya boti, mniwekee. Nitanunua cha kwetu na cha watoto wote wa dada yangu.