Siku moja maishani mwangu: nyuma ya nyani, fomu mkononi

Saa 10 alfajiri naamka. Chai, buti, darubini, betri. Kukipambazuka nyani hushuka mitini walikolala, na ukichelewa utashinda unafuata nyayo na kinyesi.

Saa 12 niko chini ya miti yao nikihesabu: nani yupo, nani anachechemea, nani ana kichanga kipya.

Saa 1 inaanza kazi ambayo wengi hawaijui. Hudhaniwa kwamba mtafiti wa tabia za wanyama hukaa akingojea tukio la ajabu, kisha nadharia imshukie. Mimi nina orodha iliyopangwa kwa bahati nasibu, na wa kwanza leo ni jike tunayemwita Tulivu. Kwa dakika 10 namwandika yeye peke yake, hata wengine wakitoana manyoya pembeni. Mwaka 1974 mtafiti wa nyani Jeanne Altmann alieleza kwa nini ni lazima iwe hivyo: ukiandika kila kinachokuvuta macho, daftari litajaa ugomvi na kupandana, na yale mambo ya kimya yanayochukua sehemu kubwa ya siku yatapotea. Tulivu anachimba kiazi cha mwituni. Anatafuna. Anajikuna. Anaingia kichakani, naandika "haonekani". Naipenda kazi hii, hata dakika hizi.

Saa 3 na nusu, nimemaliza kumwandika mnyama mmoja na sijaanza mwingine, yowe. Mtoto wa Tulivu amesimama karibu na jike wa daraja la chini aliyekuwa akichimba. Tulivu anakuja mbio, jike anakimbia, mtoto anakula kiazi.

"Amemdanganya mama yake!" anasema mgeni tuliyeandamana naye. Nikamwonyesha nilichoandika: mtoto apiga yowe, mama aja, jike aondoka, mtoto ala. Hakuridhika. Mbona sijaandika kwamba amedanganya? Akauliza tena tukivuka korongo, akauliza tena juani, na mimi nilikuwa nimeshachoka, lakini swali lenyewe ni zito.

Huenda mtoto alitishwa kweli, mimi nikaona mwisho tu. Huenda amejifunza kwamba yowe huleta chakula, bila kujua lolote kuhusu mawazo ya mama. Au anajua kwamba mama hakuona, na anatumia hilo. Mwendo wa mwili ni uleule katika maelezo yote matatu. Watafiti Richard Byrne na Andrew Whiten waliona tukio la namna hii kwa nyani wa Drakensberg, Afrika Kusini, miaka ya 1980. Hawakulijengea nadharia peke yake; waliwaomba watafiti wengine visa vyao, wakatafuta mahali vinapofanana.

Na kuna njia ya kuwauliza wanyama wenyewe. Huko Amboseli, Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walificha spika wakawachezea tumbili milio iliyorekodiwa. Mlio wa chui uliwapeleka mitini, wa tai uliwafanya watazame juu, wa nyoka watazame chini, ingawa hapakuwa na chui, tai wala nyoka. Walipocheza yowe la mtoto, mama alitazama kwenye spika. Majike wengine walimtazama mama. Mtazamo huo wa sekunde chache unaonyesha kwamba walijua mtoto ni wa nani, jambo ambalo usingelipata kwa kukaa na kukisia.

Mchana jua ni kali na kundi limelala kivulini. Mimi na mwenzangu tunamwandika mnyama mmoja kila mtu na fomu yake, kisha tunalinganisha. Tukitofautiana kuhusu "kutisha" na "kutazama", tunabishana hadi maana ikae sawa. Baadaye wanatembea, tunatembea. Miguu inauma. Giza likikaribia wanapanda kulala, tunaweka alama ya mahali.

Usiku naingiza data huku macho yakifumba. Mwenzangu anataka spika mara moja. Mimi nasema tuhesabu kwanza, kwa sababu hatujui hata mayowe ya kawaida huja mara ngapi. Tumekubaliana: kuanzia kesho fomu ina safu mbili mpya, mama yuko umbali gani yowe linapopigwa, na kama alikuwa anamwona mwanawe.